Santuri Ndani ya Sanduku la Mzee

Tulipofiwa na mzee mmoja wa usharika wetu hapa Tabora, watoto wake walifungua sanduku lake la bati kutafuta cheti cha ubatizo. Cheti kilikuwemo, kimekunjwa ndani ya kitabu cha nyimbo. Chini ya kitabu kulikuwa na shati jeupe la kola ndefu, nyuzi tatu za gitaa zilizoviringishwa kwenye karatasi, na santuri kumi na nne. Mzee huyu tulimfahamu kama mzee wa kanisa, mtunza funguo, mtu wa kufika kwanza Jumapili na kuhesabu sadaka mara mbili. Hakuna kati yetu aliyewahi kumsikia akitaja gitaa. Kijana wake wa pili alitujia jioni ile, akauliza kwa adabu kama santuri moja ingeweza kupigwa usiku wa mkesha kabla ya neno. Tulimjibu upesi kuliko ilivyostahili. Tulisema hapana, msiba wa Mkristo si mahali pa dansi.

Hapana ile haikututoka moyoni. Baada ya mazishi tuliomba kuazimwa zile santuri. Hatukuwa na mashine ya kuzipigia, na nyingi za mjini zilishakufa zamani, lakini kuna fundi redio mmoja karibu na soko ambaye bado anayo moja, nayo huzunguka sawasawa ukiisukuma kidogo kwa kidole mwanzoni. Tulikwenda kwake jioni, maduka yakiwa yameshafungwa. Tukiri tu: tulikwenda kama Nikodemo.

Sisi tuliozaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 muziki huu tuliukuta umekwisha kuitwa zilipendwa. Tuliusikia kwenye redio ya jirani, tukapita. Usiku ule kwa fundi tulikaa chini tukausikiliza kwa mara ya kwanza. Ya kwanza kupigwa ilikuwa ya Kiko Kids, bendi ya hapa hapa Tabora iliyoongozwa na Salim Zahoro. Ikafuata Western Jazz, kisha Salum Abdallah na Cuban Marimba yake ya Morogoro, kisha twisti ya Daudi Kabaka kutoka Nairobi, kisha Mbaraka Mwinshehe akiwa na Morogoro Jazz. Zilikwaruza, nyingine ziliruka. Lakini magitaa yalikuwa yakiongea kwa zamu kama watu wenye heshima, mmoja anamaliza ndipo mwingine anajibu, na maneno yalisikika yote. Tulitarajia kusikia uhuni. Tulichosikia zaidi kilikuwa mausia, watu kulalamikia wapenzi wao, na salamu kwa miji.

Santuri ya mwisho ilikuwa ndogo, ya Elvis Presley, ya mwaka 1957. Fundi wetu, ambaye ni Mwislamu, aliisikiliza mpaka katikati, akageuka: "Mchungaji, hii si kaswida yenu?"

Alikuwa sahihi. Santuri ile ina nyimbo nne, na zote ni za dini. Elvis alilelewa katika kanisa la Kipentekoste, na wimbo unaoipa santuri hiyo jina, "Peace in the Valley", ulitungwa na Thomas A. Dorsey, Mmarekani mweusi aliyepiga piano ya bluzi kwenye kumbi za starehe kabla ya kuyatoa maisha yake kwa nyimbo za Injili. Tulipoendelea kusoma tulikutana na mtu ambaye tulipaswa kufundishwa habari zake chuoni, na hatukufundishwa. Jina lake ni Rosetta Tharpe. Alizaliwa mwaka 1915 Arkansas, mtoto wa mama mhubiri katika Kanisa la Mungu katika Kristo, akapiga gitaa kwenye mikutano ya Injili tangu akiwa mdogo. Mwaka 1938 alirekodi santuri, akaimba katika ukumbi maarufu wa starehe New York, na watu wa kanisa lake wengi wakamkasirikia. Mwaka 1944 alirekodi wimbo wa Injili, "Strange Things Happening Every Day", ambao wapo wanaouhesabu miongoni mwa nyimbo za kwanza kabisa za roki. Elvis alimpenda. Johnny Cash alimpenda. Little Richard alipandishwa naye jukwaani akiwa kijana wa miaka 14, na huyu Little Richard mwenyewe, akiwa kileleni mwaka 1957, aliacha muziki akaenda kusoma theolojia katika chuo cha Waadventista. Baadaye akaurudia muziki. Rosetta alifariki mwaka 1973, akazikwa Philadelphia, na kaburi lake lilikaa zaidi ya miaka 30 bila hata jiwe lenye jina.

Kwa hiyo roki, ambayo wengi wetu tulionywa kwamba imetoka kuzimu, kwa sehemu kubwa ilitoka madhabahuni. Haikuvamia kanisa kutoka nje. Ilitoka kwa mlango wetu, na tulipoiona barabarani tukasema hatuijui.

Ndipo tukajiuliza kuhusu ya nyumbani. Muziki wa Kiko Kids ulitoka mlango gani?

Tabora ni mji wa njia. Kabla haujaitwa Tabora wageni waliuandika kwa jina la Kazeh. Richard Burton alifika hapa mwaka 1857 akitokea pwani. Hapa ndipo misafara ilipogawanyika, mingine ikaenda Ujiji na ziwani, mingine kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Wapagazi wa Kinyamwezi walibeba pembe mpaka Bagamoyo na kurudi na vitambaa na shanga. Mbele alikwenda kirangozi, nyuma ngoma na baragumu, na safari nzima ilikwenda kwa kuimba, kwa sababu mzigo wa begani hauendi bila wimbo. Wimbo nao ndio mzigo pekee usio na uzito, hivyo walirudi nao wengi. Tusisahau pia wale waliopita njia hiyo hiyo bila hiari yao, shingoni wana minyororo.

Baadhi ya watumwa waliokombolewa pwani walipewa makao na Wamisionari wa Kianglikana huko Freretown, Mombasa, kijiji kilichoanzishwa mwaka 1875. Huko walifundishwa kusoma, kuomba, na kupuliza tarumbeta. Bendi ya tarumbeta ya wakombolewa hao ni mojawapo ya chemchemi za beni, ile ngoma ya gwaride iliyoanza pwani miaka ya 1890, vijana wakiwa na vyeo vya kujipa, sare, na ngoma kubwa ya kijeshi. Chemchemi nyingine zilikuwa bendi za askari na ya Sultani wa Zanzibar, hatutaki kulipa kanisa zaidi ya stahili yake. Beni ilipanda bara kwa njia ya misafara, kisha kwa reli iliyofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na zaidi ya yote kwa Vita vya Kwanza vya Dunia, pale askari na wapagazi walipochanganywa kutoka kila kabila. Wabelgiji waliuteka mji huu Septemba 1916. Vita ilipoisha, miji ya Tanganyika ilikuwa na vyama vya beni, Marini na Arinoti, vikishindana kwa mavazi na nyimbo za kejeli.

Kutoka beni hadi dansi ni hatua fupi. Dar es Salaam Jazz Band ilianza mwaka 1932. Miaka hiyo hiyo zilianza kuingia Afrika santuri za Kikuba zenye alama za GV, na vijana wa mijini waliziiga kwa sikio, wakiimba Kihispania wasichokielewa. Tunacheka, lakini na sisi tuliimba Kilatini chuoni.

Reli ya kwenda Mwanza ilifunguliwa mwaka 1928 na kuifanya Tabora kuwa njia panda kwa mara ya pili. Aliyesafiri kutoka ziwa moja kwenda jingine alilala hapa akingoja treni, na mtu anayengoja treni anahitaji pa kukaa jioni. Bendi zilistawi kwa watu hao. Tulikuwa na Kiko Kids, tukawa na Nyanyembe Jazz, tukawa na Tabora Jazz yenye mtindo wao wa Segere Matata. Wimbo wa "Dada Asha", ambao hata washarika wetu vijana wanaujua bila kujua ulikotoka, ni wa Tabora Jazz, na mtunzi wake Shem Karenga, aliyefariki mwaka 2014, alitokea Kigoma, mwisho wa reli. Western Jazz nayo, ingawa ilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1959, ilianzishwa na watu wa huku, ndiyo sababu ya jina: Jimbo la Magharibi, ambalo makao yake yalikuwa Tabora. Santuri hazikutengenezwa nchini. Bendi zilirekodi kwenye studio za redio ya taifa, au zikasafiri mpaka Nairobi na kurudi na santuri mkononi. Mtu akiwa na kumi na nne, kama mzee wetu, alikuwa ametumia mishahara.

Sasa tuje kwetu. Kwa nini kanisa lililofundisha watu tarumbeta lilikuja kuwafungia mlango wapiga gitaa? Jibu moja ni Uamsho. Ulianza Rwanda mwishoni mwa miaka ya 1920, ukaingia Bukoba miaka ya 1930, ukaenea katika makanisa yetu ya Kilutheri na mengine. Hatutaki kuusema vibaya. Bila Uamsho wengi wa wazazi wetu wasingeacha pombe, wasingerudisha walivyoiba, wasingeombana radhi hadharani Mwafrika na Mzungu. Lakini uliona dansi, bia na uzinzi kama kifurushi kimoja, na aliyegusa kimoja alihesabiwa kagusa vyote. Hapa pana jambo la kushangaza kidogo. Wimbo wa Uamsho wenyewe, "Tukutendereza", ni kiitikio kilichotafsiriwa kutoka wimbo wa Kiingereza wa karne ya 19, uliozaliwa katika harakati zile zile za utakatifu ambamo lilichipuka kanisa la mama yake Rosetta Tharpe. Mto mmoja, mikono miwili. Mmoja ulifika kwetu ukatuambia gitaa ni la shetani. Mwingine ulibaki Marekani ukiwa na gitaa mkononi.

Wala si kanisa peke yake lililoogopa. Mwaka 1969 muziki wa soul ulipigwa marufuku huko Dar es Salaam, kwa hoja ya utamaduni. Kila mwenye mamlaka enzi zile alikuwa na muziki wake wa kuuogopa.

Wachungaji wenzetu hupenda kusema kwamba Luther alichukua nyimbo za vilabuni akazifanya tenzi. Hilo limekuzwa, na tuliache. Kilicho kweli ni kidogo lakini kina faida zaidi. Wimbo wake wa Krismasi, "Vom Himmel hoch", mwanzo uliimbwa kwa sauti ya wimbo wa kawaida wa mchezo wa vijana, na mwaka 1539 ukapewa sauti mpya, kwa sababu ile ya kwanza ilikuwa bado inawakumbusha watu dansi. Maana yake Luther naye alijaribu, akaona, akarekebisha. Lakini ile sauti ya Ijumaa Kuu, tunayoimbia kichwa cha Bwana kilichojeruhiwa, ilikuwa wimbo wa mapenzi wa Hans Leo Hassler, uliochapishwa mwaka 1601, na hakuna anayewaza mchumba anapouimba leo. Suala halikuwa sauti imetoka wapi. Suala lilikuwa watu waliokusanyika wanasikia nini.

Na hapa kwetu, mwaka 1966, Bernard Kyamanywa, aliyesoma Makumira, aliandika "Mfurahini, Haleluya" kwa sauti ya Kihaya. Howard Olson, mwalimu wa chuo hicho, alikuwa akikusanya nyimbo za namna hiyo ambazo zilikuja kuwa kitabu cha Tumwimbie Bwana. Sasa wimbo huo wa Pasaka unaimbwa na Walutheri wa Marekani na Ulaya. Mwaka ule ule wa 1966 mzee wetu alitengwa na Meza ya Bwana.

Barua ilikuwa ndani ya kitabu cha nyimbo pamoja na cheti. Alizaliwa Iramba, akabatizwa huko, akaja Tabora kufanya kazi Reli, na usharika wa nyumbani kwake ulipopata habari kwamba anapiga gitaa klabuni Jumamosi, ulimwandikia. Sababu imetajwa kwa neno moja: dansi. Alirudishwa mwaka 1977, baada ya kusimama mbele ya watu na kutubu. Miaka kumi na moja.

Tulikwenda kwa mjane wake kurudisha santuri. Tulikuwa tumejiandaa kumwambia maneno mazuri kuhusu historia. Alitukaribisha, akatupa kiti, akatuuliza tumekula. Kisha tukamwuliza kuhusu ile miaka.

"Baba Mchungaji," alisema, "mlimwachisha gitaa. Pombe mkamwachia."

Tukanyamaza. Akaeleza kwamba gitaa aliliuza kwa mpiga gitaa mwenzake wiki ile ile aliyorudishwa kundini, na kwamba pombe aliiacha baadaye, mwaka 1984, bila mtu wa kanisa kumwuliza hata siku moja, maana kwenye barua haikuandikwa. Hakumtetea mumewe. Mshahara wa Reli ulipotea klabuni mara nyingi, na yeye ndiye aliyekuwa akikopa unga kwa jirani. Ila alisema usiku aliokuwa akipiga gitaa nyumbani ndio aliokuwa hanywi.

Halafu akatuambia jambo ambalo hatukulitafuta. Mtoto wao wa tatu alikufa kwa surua mwaka 1971, akiwa na miezi minane. Hakuwa amebatizwa, kwa sababu baba ametengwa. Alizikwa bila mchungaji. Waliokuja kumzika walikuwa wanamuziki, karibu wote Waislamu, na walichimba kaburi wao wenyewe. Mmoja wao alimwomba mzee wetu asome sala ya Kikristo, na mzee wetu akakataa, akasema hana ruhusa.

Tumehubiri Luka 15 mara nyingi kuliko tunavyoweza kuhesabu. Siku zote tumekaa na mwana mdogo kule kwenye nguruwe, au na baba barabarani. Tangu siku ile tumeanza kusoma kwa uangalifu zaidi ile aya ya 25, ambapo mwana mkubwa anatoka shambani, na kitu cha kwanza kinachomfikia, kabla hajaambiwa nani amerudi, ni sauti ya muziki na kucheza ndani ya nyumba ya baba yake. Hakuingia kuona. Alimwita mtumishi nje, akamwuliza kuna nini.

Hatusemi wazee wa wakati ule walikuwa watu wabaya. Baadhi yao ndio waliotulea, na wamelala makaburini kwa imani. Tena nabii Amosi anatukumbusha kwamba zipo nyimbo, hata za hekaluni, ambazo Mungu hataki kuzisikia. Sisi wenyewe leo tuna kinanda cha umeme chenye midundo ya dansi tayari ndani yake, kwaya ya vijana hubonyeza tu, na sebene hupigwa wakati wa sadaka huku tukipiga makofi. Mpigaji wetu ana umri wa miaka 22. Tukamwuliza ile miondoko ya gitaa anayoiga kwenye kinanda ameitoa wapi. Akasema kwenye simu.

Tuliandika katika kitabu cha washarika, kwenye jina la mzee, mbele ya neno lile moja, kwamba mtoto wake wa tatu alizaliwa na akafa, na tarehe zake. Halmashauri ya usharika ilijadili kama jambo hilo linaruhusiwa. Majadiliano yalichukua saa mbili, na hatukukubaliana sote, lakini limeandikwa.

Mwaka ulipotimia familia iliandaa ibada ya kumbukumbu nyumbani. Safari hii sisi ndio tuliomwuliza kijana wake. Fundi alikuja na mashine yake imefungwa kwa kanga, akaiweka juu ya meza ya chakula, akaisukuma kwa kidole. Walipiga Kiko Kids. Watoto walicheka ile sauti ya kukwaruza. Kwenye mkeka wa mbele walikaa kina mama wa umoja wa wanawake, na wawili wao, wote wamevuka miaka 75, mmoja ni yule aliyekuwa akituonya kila mwaka kuhusu kinanda, walianza kuitikia kiitikio, kila neno mahali pake. Yule wa kinanda alitutazama, akanyamaza. Kisha mjane akamshika mkono, naye akaendelea.